Usiniite mbebaji tu

Nilienda kwa daktari wa macho kutafuta miwani basi. Kompyuta kutwa nzima, macho yanachoka, nikasema ngoja nikapime. Nikaweka kidevu kwenye kile chombo chenye mwanga mwembamba, akaangalia jicho la kulia, akaenda la kushoto, akarudi tena la kulia, kimya. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukielewa: "Unatumia dawa ya moyo inaitwa amiodaroni?" Nikamwambia situmii dawa yoyote, moyo wangu hauna shida. Akaangalia tena. Akasema kuna mistari kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, imejizungusha kama zile nywele za kisogoni kwa mtoto, haizuii kuona, ila ikionekana hivyo yeye anawaza vitu viwili vya kwanza, ile dawa, au ugonjwa wa kurithi unaoitwa Fabry. "Kwenu kuna mtu ana shida ya figo?"

Nikamwambia ndio, baba alikuwa na Fabry, amefariki akiwa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, lakini sisi watoto wa kike tuliambiwa ni wabebaji tu. Akazima ile taa, akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Nani aliwaambia?"

Alituambia daktari, hospitali siitaji, mi nina miaka 14, mama kakaa katikati yangu na dada. Aliongea kwa upole sana, mpaka leo naisikia sauti yake. Kwamba ugonjwa wa baba uko kwenye kromosomu X, wanaume wana X moja kwahiyo wanaumwa, wanawake wana mbili kwahiyo hawaumwi, wanabeba tu na kupeleka mbele. Mama akashusha pumzi. Na mimi nimekaa palepale, miguu inawaka moto ndani ya viatu.

Hiyo miguu ilianza nina kama miaka nane. Nikikimbia inawaka, nikipata homa inawaka, jua likiwa kali inawaka, na jasho hakuna, wenzangu wamelowa mi ngozi kavu kama karatasi. Usiku natoka kitandani nalala sakafuni ili nyayo ziguse ubaridi. Wengine walisema mifupa inakua, wengine walisema nasingizia ili nisikimbie na wenzangu uwanjani, na baada ya ile siku ya daktari hata mimi mwenyewe nikaacha kulalamika manake ilishasemwa na mtaalamu kuwa sina kitu. Nilikaa na hilo jibu miaka 17. Naandika hii post kwa sababu bado kuna wanawake wanapewa jibu hilohilo, na jibu hilo lina kosa la kisayansi ndani yake, sio kosa la maneno tu, na nataka nilieleze kosa lenyewe liko wapi.

Ugonjwa wenyewe kwanza, kwa ufupi. Mwaka 1898 madaktari wawili, Johannes Fabry kule Ujerumani na William Anderson Uingereza, kila mmoja kivyake aliandika kuhusu mgonjwa mwenye vidoadoa vyekundu vya ajabu kwenye ngozi. Baadaye sana ikajulikana shida ni kimeng'enya kinachoitwa alfa-galaktosidasi A, kazi yake kuvunjavunja aina fulani ya mafuta ndani ya seli, mafuta yanaitwa Gb3. Kimeng'enya kikikosekana mafuta yanajazana, kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye mishipa ya fahamu, figo, moyo, jicho. Miguu inawaka kwa sababu ya mishipa midogo ya fahamu. Figo zinachoka taratibu, moyo unanenepa kuta, kiharusi kinaweza kuja mtu bado kijana. Jeni inayotengeneza hicho kimeng'enya iko kwenye X. Baba mwenye jeni mbovu hawezi kumpa mtoto wa kiume manake huyo anampa Y, ila binti zake wote lazima wapate, hapo hakuna bahati. Dada na mimi tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Sasa lile kosa. Watu wengi, na madaktari wapo humo, wanaifikiria X ya pili ya mwanamke kama tairi la spea. Hii ikipasuka ile ipo. Ingekuwa kweli kama kila seli ingekuwa inatumia X zote mbili kwa pamoja, lakini haiko hivyo. Mwaka 1949 huko Canada Murray Barr na Ewart Bertram walikuwa wanaangalia seli za neva za paka wakagundua majike wana kidoti cheusi ndani ya kiini cha seli na madume hawana. Miaka kumi baadaye Susumu Ohno akaonyesha kile kidoti ni kromosomu X nzima iliyojikunja ikabanana. Halafu 1961 Mary Lyon, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuwa anafuga panya wa maabara wenye manyoya ya mabaka, akaunganisha mambo: kila seli ya jike inazima X moja, mapema kabisa wakati bado kiinitete, na seli zote zitakazozaliwa kutoka kwa hiyo zitaendelea kuzima hiyohiyo. Mabaka ya panya ndio ushahidi wenyewe. Hapa X ya mama imezimwa, pale ya baba.

Paka wa rangi tatu umemwona? Yule mwenye machungwa na meusi na meupe, karibu kila mara ni jike. Machungwa na meusi yake ni hayohayo mambo, X mbili zimegawana ngozi. Desemba 2001 kule Texas walimklone paka wa namna hiyo, DNA ileile, na mtoto akatoka hana machungwa kabisa! Mimi nikisoma habari ya yule paka namfikiria dada yangu.

Kwahiyo mwanamke mwenye jeni ya Fabry hana mwili mmoja wenye kimeng'enya nusu. Ana mwili wa viraka. Seli hii ina kimeng'enya kamili, jirani yake haina hata kidogo. Kuna picha moja ya hadubini, kipande cha figo cha mwanamke mwenye Fabry, sijawahi kuisahau. Kuna seli zinaitwa podosaiti, ziko kwenye kichujio cha figo, zina miguumiguu kama pweza amekumbatia mshipa. Kwenye ile picha podosaiti moja imejaa mafuta mpaka imevimba, imejaa vimilia kama pundamilia, na ya pembeni yake, imeigusa kabisa, ni safi. Zimetoka kwenye yai moja, zina DNA herufi kwa herufi sawasawa. Tofauti yao ni ipi iliyozimwa.

Na hiyo ndio maana ya epijenetiki kwenye jambo hili, yaani alama zinazowasha na kuzima jeni bila kugusa herufi zake, hakuna uchawi. Kuna jeni inaitwa XIST, ilipatikana 1991, haitengenezi protini, inatengeneza uzi mrefu wa RNA, nakala ya herufi za jeni, wenye herufi kama 17,000 hivi, na huo uzi unaivika ileile X uliyotoka mpaka inafunikwa. Baada ya hapo zinakuja protini zingine zinabadilisha alama kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejizungushia, kromosomu inabana, na mwisho vinabandikwa vikundi vya methili mwanzoni mwa jeni. Methili ni kitu kidogo mno, kaboni moja na haidrojeni tatu, lakini zikibandikwa nyingi pale jeni inapoanzia, jeni inanyamaza. Seli ikigawanyika zile alama zinanakiliwa, seli mpya inajua ipi ni ya kuzima. Herufi za DNA hazijaguswa. Kuna jeni chache kwenye X zinakwepa kuzimwa, kwa binadamu kama asilimia 15 hivi, ila ya Fabry haimo.

Swali lililonisumbua ni hili: kama ni nusu kwa nusu, mbona wanawake tunatofautiana hivi? Jibu ni hesabu ya sarafu. Wakati wa kuchagua, kiinitete kina seli chache, na kila kiungo kinaanza na seli chache zaidi. Rusha sarafu mara 100, kupata upande mmoja mara 80 ni kama haitatokea maishani mwako. Rusha mara 10 tu, kupata upande mmoja mara nane au zaidi inatokea kama mara 11 katika kila majaribio 100. Kwahiyo kama moyo wako ulianza na seli kidogo na sarafu zikaangukia vibaya, unakuwa na moyo ambao sehemu kubwa unatumia X mbovu, wakati ini lako liko vizuri. Hakuna aliyekosea, mama hakula kitu kibaya wala hakufanya kazi nzito. Nimekutana na akina mama wanaojilaumu kwa hili na inaniuma sana, sarafu zilirushwa kabla hata hajajua ana mimba. Mwaka 1996 waliandika habari ya mapacha wa kufanana, wasichana, wote wana jeni ileile ya Fabry, mmoja anaumwa na mwenzake hana dalili. Walipopima wakakuta X zimezimwa kwa namna tofauti.

Nirudi kwa kile kilichonipata. Yule daktari wa macho aliniandikia barua, nikaenda, wakapima kimeng'enya kwenye damu. Majibu yakarudi, kawaida. Nesi akanipongeza! Na hapa ningependa usome taratibu kama wewe ni mwanamke na kwenu kuna huu ugonjwa: kwa mwanaume kipimo hicho kinatosha, kwa mwanamke hakitoshi. Damu ni kiungo kimoja. Inaweza kuwa na seli nyingi nzuri na figo ikawa na nyingi mbovu, wanawake wengi wenye Fabry kimeng'enya chao kwenye damu kinasoma vizuri tu. Kinachotakiwa ni kusoma jeni yenyewe. Niling'ang'ania, ikasomwa, ikakutwa ileile ya baba. Mkojo ukakutwa na protini. Miaka 17 yote hiyo protini inavuja sijui tangu lini.

Sio Fabry peke yake, ndio maana nasema kosa liko kwenye ile picha ya tairi la spea. Chukua upungufu wa OTC, hicho ni kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuondoa amonia. Mwanamke anaweza kuishi miaka yote anajiona tu hapendi nyama, akila anaumwa kichwa anatapika, basi anaiacha, hajui kwanini. Siku anajifungua, au anapewa dawa za steroidi, au valproeti ya kifafa, amonia inapanda, anaanza kuchanganyikiwa, anaongea vitu havieleweki, na kwa sababu ametoka kujifungua watu wanasema ni akili imeyumba baada ya uzazi. Akicheleweshewa kupimwa amonia anaweza kuingia koma akafa. Hapo kinachoamua ni ini lake lilizima X ipi kwa wingi, na damu ya mkononi haijui habari za ini.

Halafu kuna ALD, ugonjwa mwingine wa X, mafuta yenye minyororo mirefu yanajazana mwilini. Watoto wa kiume inawaharibu ubongo, kila mtu anaijua kwa hilo, na mama zao wanaambiwa nyie mko salama. Uholanzi walichunguza wanawake 46 wenye jeni hiyo, wakachapisha 2014: chini ya miaka 40 wenye dalili za uti wa mgongo na neva walikuwa asilimia 18, waliovuka 60 walikuwa asilimia 88. Miguu inakuwa mizito, mkojo hauzuiliki, na mwanamke anaambiwa ni uzee. Asilimia 88, huyo utamwitaje mbebaji?

Na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huu unawahusu watu wengi sana hasa maeneo ya malaria. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake walionyesha mwanamke mwenye jeni moja mbovu ana aina mbili za chembe nyekundu zimechanganyika, dhaifu na imara, ilikuwa moja ya ushahidi wa kwanza kwa binadamu kwamba Lyon alikuwa sahihi. Sasa akipimwa na kile kipimo cha haraka cha ndio au hapana, anaweza kusomeka mzima. Akipewa praimakwini, dawa ya malaria, zile chembe dhaifu zinapasuka. Ndio maana tafenokwini, dawa nyingine ya malaria, haitolewi mpaka upimwe kwa kiwango, kimeng'enya kiwe juu ya asilimia 70.

Kuna upande wa pili pia, sio wote wanaumia, nisitishe watu. Ugonjwa wa Hunter, nao wa kukosa kimeng'enya, uko kwenye X, wanawake wenye jeni karibu wote wako salama, kwa sababu seli nzuri zinatema kimeng'enya nje na jirani mbovu zinakifyonza, Elizabeth Neufeld na wenzake waliona jambo hilo 1968 walipochanganya seli za wagonjwa wawili wa magonjwa tofauti kwenye chombo kimoja zikaponyana. Kwenye Fabry kugawana huko kupo kidogo lakini hakutoshi. Lesch-Nyhan nao ni ugonjwa mwingine wa X, kule kwenye damu seli mbovu zinashindwa na zile nzuri kwenye mashindano, zinapotea zenyewe, damu inabaki safi, ukiipima unaweza kusema huyu hana kitu kumbe jeni anayo. Na kwenye ALD Barbara Migeon alionyesha 1981 kinyume chake, seli zenye jeni mbovu ndio zinazidi kuongezeka. Yaani zikishapigwa zile sarafu mwanzoni bado kuna ushindani unaendelea miaka yote, ndio maana mwanamke mzima leo hawezi kuambiwa uko vizuri kwaheri. Lazima arudi.

Watu wananiuliza si kuna kipimo cha kuangalia ni X ipi imezimwa kwa asilimia ngapi? Kipo. Wanachukua DNA, wanaikata na kimeng'enya ambacho hakiwezi kukata palipobandikwa methili, kinachobaki bila kukatwa ndio X iliyozimwa, wanalinganisha. Nilipimwa. Damu yangu ilikuwa kama 60 kwa 40, kawaida kabisa, na ukitegemea hiyo namba ungesema mimi sina shida yoyote. Tena damu inavyozeeka inaegemea upande mmoja yenyewe hata kwa wanawake wasio na ugonjwa. Nawaambia wenzangu msikitegemee kipimo hicho kama utabiri. Pima mkojo, pima moyo kwa ECHO, ile picha ya mawimbi ya sauti, angalia macho, hivyo ndivyo vinasema ukweli wa kiungo chenyewe.

Na dada. Dada yangu ananizidi miaka mitano, naye alipimwa wiki moja na mimi. Kimeng'enya chake kwenye damu kilikuwa chini kuliko changu. Chini! Na ndiye mzima. Hajawahi kuwaka miguu, anatoka jasho, figo nzuri, moyo mzuri, mistari ya jicho tu anayo kama yangu. Mimi naenda kutundikiwa dripu ya kimeng'enya kila wiki mbili, yeye anapimwa kila mwaka. Mwanzoni ilikuwa ngumu kati yetu, alikuwa kama anajisikia vibaya kuwa mzima, alikuwa ananisindikiza kwenye dripu zote anakaa kimya pembeni ya kitanda. Nikamwambia dada, hukunichukulia kitu. Jeni tuligawiwa sawa, viraka ndio vilitofautiana.

Ila kuna kitu kimoja yeye alikielewa vibaya na mimi pia nilikuwa sijui mpaka nilipouliza. Alidhani kwa kuwa yeye ni mzima basi binti yake, akiwa nayo hiyo jeni, atakuwa mzima kama mama yake. Haiko hivyo. Kwenye mayai ya mwanamke zile alama za kuzima zinafutwa, X iliyolala inaamshwa, yai linaondoka na X moja safi isiyo na kumbukumbu. Inayorithiwa ni jeni, nafasi yake ni nusu kwa nusu kwa kila mtoto, na mtoto wa kike akiipata anarusha sarafu zake mwenyewe upya kabisa. Viraka vya mama havimwambii chochote. Mama mzima anaweza kuzaa binti anayeumwa, na mgonjwa kama mimi nikaja kupata binti asiyesikia hata dalili moja. Dada aliponisikia akanyamaza muda mrefu, halafu akasema hajawahi kumuuliza mtoto.

Mtoto ana miaka tisa. Jumamosi iliyofuata alikuja kwangu, ametoka kucheza, uso mwekundu na mkavu, akaingia moja kwa moja jikoni akavua viatu na soksi akasimama kwenye sakafu, kidole hadi kisigino. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Mama mdogo, hapa kwako kuna baridi nzuri. Miguu inawaka."

Nikakaa chini sakafuni pale pembeni yake nikampigia dada. Jumatatu tulienda wote watatu, na safari hii tulianza na jeni.